Kompyuta Iliyokataa Kasha la Marehemu

Juu ya boksi la viatu, kompyuta ilikuwa inawaka vizuri kabisa.

Nikiiingiza ndani ya kasha lake, feni inazunguka mara moja, halafu kimya. Imekufa.

Nikiitoa na kuirudisha kwenye boksi, inafufuka.

Sasa niambieni nyie. Na kasha lenyewe lilikuwa la marehemu baba mkwe.

"Marehemu hataki," akasema mama mkwe wangu. Alikuwa amesimama mlangoni, mjukuu wake mgongoni.

"Mama, tafadhali," nikamjibu. Jasho lilikuwa linanitiririka, na kusema kweli nilikuwa nimeshaanza kumwamini.

Mimi ni kinyozi, si fundi kompyuta. Haya mambo niliyavamia kwa ajili ya mke wangu. Alikuwa anasoma chuo kwa njia ya mtandao, na mtihani wake ulikuwa siku hiyo hiyo, baada ya chakula cha mchana.

Mtihani wenyewe unafanywa mbele ya kamera. Mashine ikizima, unapewa dakika chache uwe umerudi. Usiporudi wanakufungia nje.

Safari iliyopita laptop yake ilizima katikati ya maswali. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Chuo kikampa nafasi moja tu ya kurudia. Hii ikimponyoka, masomo yote kwaheri.

Laptop ilikuwa ile ile, maana hali yetu naijua mwenyewe. Ndipo nikaapa kumuundia kompyuta ya akiba, ya vipuri vilivyokwisha kutumika.

Nina mteja mmoja, fundi, tunamwita Waya. Alinipa somo nikiwa namnyoa ndevu.

"Usinunue kitu kwa sababu ni kizuri," alisema. "Nunua kinachoelewana na wenzake."

Basi nikageuka mshenga wa vipuri. Prosesa nikaitafutia mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu, yenye kiti kinachoitosha. RAM ya kwanza niliyoipenda ilikuwa ya kizazi kingine, haikuingia hata kidogo. Nikairudisha. Pawasaplai nikaikagua kama ina nguvu ya kuwalisha wote, na kama plagi zake zinaingia.

Muuza vipuri alinichoka. "Kaka, unanunua RAM au unaoa?"

"Naoa," nikamwambia.

Kasha tu ndilo sikuliuliza swali. Si bati tu jamani? Mke wangu aliomba tutumie la baba yake, mzee aliyemfundisha kuchapa akiwa bado hafiki mezani bila kuwekewa mto. Nikasema sawa, tena tumeokoa hela.

Ndiyo hivyo, asubuhi ya mtihani nimepiga magoti sakafuni, bisibisi mdomoni, naingiza na kutoa.

Mke wangu akachungulia. "Vipi?"

"Iko poa."

Akatazama boksi la viatu, akatazama kasha tupu. "Baba watoto, niambie ukweli."

"Kwenye boksi inawaka."

"Basi tuiache kwenye boksi."

Ingewezekana, ila haikuwa na swichi; swichi iko kwenye kasha. Niliiwasha kwa kugusisha ncha ya bisibisi kwenye pini mbili ndogo kama mbegu. Ncha ikiteleza nikagusa pasipotakiwa, basi tumeunguza kila kitu.

Nikampigia Waya.

"Nje inawaka, ndani inakufa?" akauliza.

"Ndiyo."

"Kuna chuma kinagusa mgongo wa mazabodi. Ubao unatakiwa ukae juu ya vijinguzo vyake tu, vile vichuma vifupi vya kuuinua, kila kimoja kwenye tundu lake. Angalia kama kuna cha ziada."

Mama mkwe akainama kando yangu, mke wangu nyuma yake, nikawasha tochi ya simu. Vijinguzo vyote vilikuwa sawasawa, isipokuwa kimoja, karibu na katikati. Ubao wangu haukuwa na tundu pale. Nacho hakikuwa cha kiwandani. Kilikuwa kimechongwa kwa tupa, na kichwani kilikuwa na mabaki ya utepe uliokauka na kubanduka.

"Hiki nacho kimetoka wapi?" nikasema.

Mama mkwe akakaa chini kabisa, mtoto mgongoni vile vile.

"Hicho alikitengeneza baba yenu," akasema taratibu. "Ubao wake ulikuwa unapinda katikati. Akachonga kipande cha shaba kutoka kwenye bomba bovu, akakivalisha utepe ili umeme usipite, akakikaza kwa nyuma. Mimi ndiye niliyemshikia taa."

Kitu kilichokuwa kinaubeba ubao wa mzee ndicho kilichokuwa kinauua wa kwangu.

"Si nilikwambia ni yeye?" akasema mama mkwe.

Tukacheka wote watatu, lakini kwa woga, maana muda ulikuwa unatukimbia.

Nikakifungua kwa nyuma, nikarudisha mazabodi, nikakaza skrubu. Mke wangu ndiye aliyebonyeza swichi. Feni ikazunguka mara moja. Ikaendelea. Kioo kikajaa mwanga, naye akaweka kiganja juu ya kasha, akakiacha hapo kwa muda.

Mtihani ukaanza kwenye laptop, ndiyo aliyoizoea. Mimi na mama mkwe tukajibanza koridoni, nje ya mlango.

Haukufika nusu. Tukasikia laptop inatoa ule mlio wake wa kukata roho.

"Imezima!" mke wangu akasema, na kiti kikaburuzwa kuelekea kompyuta ya akiba, iliyokuwa na kamera tayari juu ya kioo. Tukasikia anachapa neno la siri. Akakosea. Akachapa tena. Nikajua sasa kile kiduara cha kusubiri kinazunguka.

Mama mkwe akanishika mkono kwa nguvu. Kwenye kiganja chake kulikuwa na kitu kigumu, kinaniumiza.

Mara sauti ya msimamizi ikatoka kwenye spika. "Mtahiniwa, tunakuona. Endelea."

Nikakaa sakafuni. Mama mkwe alikuwa analia bila sauti, na alipokunjua mkono nikaona alichokuwa amekishika. Ni kile kijinguzo.

"Nguo zake tuligawa," akaninong'oneza. "Saa yake ikaibwa. Nilidhani sina tena kitu chochote cha mkono wake."

Mke wangu alifaulu. Kijinguzo sijarudishiwa, wala sijakidai.

Mnaotaka kuunda mashine ya bei nafuu, nawaambia hivi: kila kipuri kiulizeni kitakaa na nani, na kasha nalo liulizeni lina nini tumboni. Na siku mama mkwe wako akikwambia marehemu hataki, usianze kumbishia. Mpe tochi kwanza.