Yaya Godé, aliyeunganisha mashine kwa taa tatu

Akili bado inakataa. Jana tulimzika Yaya Godé, na leo asubuhi nimejikuta namwekea kikombe cha chai.

Kwa ninyi msiomjua: Godelive alikuwa fundi wa jenereta pale ninapofanya kazi, kwenye vyumba vya baridi vya samaki, huku Kampemba. Hatukuzaliwa tumbo moja. Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, naye aliniita mudogo, ikatosha.

Tension, presha ya damu, ilimpanda ghafla akiwa kwake. Hospitali haikukawia kutuita tuchukue mwili. Mawee!

Tangu hapo natembea kama mtu aliyeamshwa nusu. Nasikia injini kila mahali, hata usingizini.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Umeme wa mji ukikatika, jenereta moja haiwezi kubeba vyumba viwili. Lazima mbili zivute pamoja, kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja. Ukikosea mwendo, michi inagongana.

Tulikuwa na kisanduku cha automatique cha kuziunganisha. Radi ilikiunguza, tukabaki na taa tatu ndogo kwenye ubao, na Yaya Godé.

Mashine ya pili ikishika kasi, zile taa zinawaka, zinafifia, zinawaka tena, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Zikizimika kabisa, ndipo unasukuma swichi kubwa. Ukisukuma zikiwa zinawaka, unaweza kuvunja mashine.

Siku yangu ya kwanza nilitaka kuharakisha. Akanishika mkono.

"Mudogo, ngojea. Taa iko inapumua. Iache ilale yenyewe."

Taa zikipumua, hakuna aliyeruhusiwa kusema neno. Hata patron, bosi wetu, akiingia na simu sikioni, alinyamaza. Yaya aliimba kwa pua wimbo wa kwaya ya parokia yao, na mara nyingi ubeti na mwanga viliisha pamoja. Sijui alifanyaje. Pengine ni mimi naota.

Nakumbuka alasiri moja ya mvua. Mtu alisahau kufunga mlango wa chumba cha baridi, ukungu ukatambaa mpaka kwetu, mweupe, hadi magotini. Yaya akapita katikati yake na kikombe chake, taratibu, kana kwamba sakafu haipo.

"Ku mbinguni itakuwa ivi," akasema, "lakini bila harufu ya samaki."

Mashine zikishaungana, alirekebisha kidogo mafuta ya moja, akatazama mishale miwili ya mita, akarekebisha tena, mpaka zibebe mzigo sawasawa. Alisema, "Yenye kukimbilia kazi yote itakufa ya kwanza. Ile ingine itakuwa tu kusukumwa."

Eti yeye ndiye aliyesema hivyo! Yeye aliyebeba wadogo zake, watoto wa wadogo zake, na matatizo ya nusu ya mtaa. Nikamchokoza: "Na weye, yaya?"

"Miye niko solide, kama chuma."

Ulidanganya, yaya. Nakupenda, na nimekukasirikia.

Sasa niwaambie ya jana.

Misa ilikuwa asubuhi, na mazishi mara baada yake. Umeme wa mji ukakatika mapema, vyumba vyote viwili vikiwa vimejaa samaki wa kutoka Kilwa, kule ziwani. Nikaziunganisha mashine peke yangu, nikiwa na shati jeupe la msiba. Taa zikapumua, nikangoja, zikalala, nikasukuma. Zikaungana vizuri.

Ndipo nikaelewa. Mashine moja ikizimika, nani ataiunga tena? Mwingine aliyejua yuko ndani ya jeneza. Nikienda kumzika, samaki wa akina mama wachuuzi wanaweza kuoza. Nikibaki, yaya anazikwa bila mimi.

Nikakaa kwenye kiti chake, nikalia waziwazi. Injini zilinguruma sauti moja, tamu kabisa, na mimi sikuweza kuinuka.

Mama Mwansa ndiye aliyenikuta. Ndiye huleta samaki kutoka Kilwa, na alikuwa amepitia kwetu kabla ya kwenda kanisani.

"Weye uko unafanya nini apa? Banakuzikia yaya!"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Groupe moja itabeba chambre moja?"

"Itabeba, mama, jenereta moja kwa chumba kimoja. Na mulinzi anajua kuongeza mazout ku injini."

"Basi njo ivyo."

Akawaita wenzake. Wamama wenye vitambaa vya msiba wakajifunga vizuri, wakaanza kuhamisha makreti kutoka chumba cha pili kwenda cha kwanza. Wakapanga mpaka darini. Mimi nikapunguza mzigo wa mashine ya pili taratibu mpaka mshale ukalala, nikaitoa, nikaizima. Ikabaki moja, na moja haihitaji fundi wa kuiunga na kitu.

Makreti manne hayakuingia. Mama Mwansa akayatazama kidogo tu.

"Ile tunapeleka ku kilio. Bantu batakula. Weye wende, utachelewa!"

Nilifika watu wakiwa wameshika kamba za kushushia jeneza. Nilinuka mazout na samaki, na hakuna aliyesogea mbali nami. Mdogo wa kike wa Yaya Godé alinipa nafasi pembeni ya kaburi, nikatupa udongo kwa mikono yote miwili.

Baadaye, kwenye kilio, pale msibani, tulikula samaki na bukari, ugali wetu, kila mtu akachukua tena. Watoto walicheka. Nikakutafuta kwa macho, yaya, nikuambie.

Leo umeme wa mji umerudi, mashine zote mbili zimepoa. Nimeweka mkono juu ya ile ya kwako, ni baridi kama jiwe.

Kesho patron anataka nianze kumfundisha mtu mwingine. Nitamfundisha kunyamaza kwanza.

Pumzika, yaya yangu. Lala salama, leo hakuna anayekuita kazini.