Nilimwambia Mama "Ndiye", na Hakuwa Yeye

Admin naomba unifichie jina, maana ndugu zangu wengi wamo humu. Mie ni mwanamke wa miaka arobaini na tisa, nina mume na watoto watatu, nimezaliwa na kukulia Temeke. Ninachokisimulia hata mume wangu hakijui.

Miaka ya tisini, mtaani kwetu kulikuwa na banda la video, na kila mwaka ulikuwa unaletwa mkanda wa ile sherehe ya kutoa tuzo kwa filamu za Kihindi. Ulikuwa unatufikia miezi kadhaa baadaye, umenakiliwa mpaka sura zina chenga, lakini Jumapili mchana akina mama walikuwa wanajaa kuangalia mastaa wakipanda jukwaani. Mie ndiye nilikuwa mkalimani wao. Mama alikuwa anafulia familia moja ya Kihindi Upanga, nami nimekua nikienda naye, nikicheza na watoto wao hadi lugha ikaniingia. Nilikuwa nasimama kando ya televisheni nawaambia huyu anamshukuru mama yake, huyu anasema tuzo ni ya marehemu baba yake, na wanawake wanafuta machozi.

Dada yangu, nimwite Mwanaidi, alikuwa na miaka kumi na tisa. Yeye maneno hakuyajali, macho yake yalikuwa kwa wale wasichana wanaocheza nyuma ya mastaa. Akaishika michezo yao yote, akawa anaitwa kucheza kwenye harusi mpaka Tandika na Mbagala. Huko ndiko alikoonwa na mwanaume mmoja aliyekuwa akileta mikanda na vitambaa kutoka ng'ambo. Alikuja nyumbani kwa adabu, akamwamkia mama, akasema kwenye ile sherehe wanatafutwa wachezaji kutoka nchi mbalimbali. Aliuliza mara mbili kama baba yetu yuko hai. Baba alikuwa ameshafariki.

Mama akakubali. Wiki chache kabla ya safari nilitumwa kumpelekea yule mwanaume picha za paspoti za dada, alikopanga Buguruni. Nilimkuta na mgeni, wanaongea Kihindi. Aliniambia nisubiri pale mlangoni, wakaendelea tu, hakujua kama nasikia. Mgeni akamuuliza, "Huyu naye hatatusumbua kama yule wa kwanza?" Akajibu, "Paspoti yake nitaishika mie. Akishafika, atacheza tunapotaka sisi." Kisha akanigeukia akitabasamu, akapokea bahasha, akanisifia kwa Kiswahili kwamba mie mtoto mtiifu.

Nilirudi nyumbani. Mama akaniuliza nimemwonaje yule mtu. Nikasema ni mtu mzuri.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nimejitetea kwa hilo miaka yote. Nilijiambia huenda nimesikia vibaya. Ukweli ni kwamba nilikuwa namwonea dada wivu. Yeye ndiye mzuri, yeye ndiye anayesafiri, na hapo nyuma aliwahi kunicheka mbele ya wenzake kwamba mwili wangu umekakamaa kama mchi. Nilitaka akaumie kidogo, arudi amenyamaza.

Mwanaidi akaondoka, ikaja barua yake moja. Ya pili ikaja kwa mwandiko ambao si wake, ikisema hajambo na asitafutwe. Yule mwanaume hakuonekana tena Buguruni, na polisi walituambia msichana ameondoka kwa hiari yake.

Mkanda wa mwaka uliofuata ulipokuja, mtaa mzima uliingia bandani. Mama akawekwa mbele kabisa. Wachezaji walipotokea, wamejifunika shela mpaka puani, alinyoosha kidole akasema, "Yule pale." Watu wote wakanigeukia mie. Nilimwangalia yule msichana vizuri. Hakuwa Mwanaidi, hata kimo hawakufanana. Nikasema, "Ndiye, mama." Wanawake wakapiga vigelegele.

Tangu siku hiyo mama hajawahi kumlilia dada. Kila mwaka anaiangalia ile sherehe, anasema mwanawe kawa mtu mzima sasa, pengine anafundisha wenzake kucheza.

Sasa mama ni mgonjwa sana, figo zimechoka. Wajomba wameamua Ijumaa hii wamsomee Mwanaidi hitma, ili mama aondoke akiwa ameshamwombea mwanawe. Mama amekataa kata kata. Juzi nilikuwa namnywesha uji, akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiye uliyemwona. Waambie wajomba zako wasimsomee hitma mtu aliye hai."

Nikamwitikia, "Nitawaambia, mama."

Dada zangu, kaka zangu, kama yuko hai sijui, kama amekufa sijui, na ninachokijua mie ni yale maneno ya pale mlangoni. Nikiyasema, mama atakufa akijua kwamba mie ndiye niliyemwachia mwanawe aende. Nikinyamaza, Ijumaa nitasimama mbele ya wajomba niape kwamba nilimwona. Leo ni Jumatano. Nishaurini, nimwambie mama, au nimuache?