Mvua ya Watu wa Nyotani

Juzi, mgahawani katika mji ambamo simjui mtu, televisheni ilionyesha wataalamu wanaotafuta viumbe kwenye nyota za mbali. Ghafla nikasikia harufu ya udongo mkavu wa Kansay, kijijini kwetu.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, majani ya mahindi yetu yalikuwa yamejikunja kwa jua. Mama aliweka jembe chini ili aombe mvua, nami nikamuuliza kama kule nyotani kuna watu.

"Kama wapo, aliyewaumba ni huyuhuyu wetu," alisema. "Haya, fumba macho."

Akatuombea mvua, kisha akaongeza, "Na hao wa mbali tusiowajua, Baba, uwanyeshee."

Wingu zito lilitoka upande wa msitu wa Ngorongoro, likanguruma, likapita juu yetu bila kudondosha tone. Nililia, nikiamini mvua yetu imepelekwa nyotani.

"Mama, si ungewaacha tu."

Alicheka, akanifuta pua kwa kanga. "We mchoyo. Kwa Mungu maji hayaishi."

Leo najua ni upepo tu uliolipeleka lile wingu. Mama hayupo tena, nami nimehama miji mingi. Lakini mvua ikinikuta ugenini, hutoka nje nikasimama ninyeshewe kidogo, maana wa mbali sasa ni mimi.