Nimeshakukata

Wifi yangu ni fundi cherehani, mwaka wa ishirini na nane huu, na mkasi wake hauguswi na mtu. Hata mumewe, ambaye ni kaka yangu mwenyewe, akitaka kukata uzi unaoning'inia kwenye shati anaomba ruhusa. Mimi napiga pasi na kushona vifungo chumba hichohicho, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona, sikuhadithiwa.

Ana tabia moja ya tangu ujana. Vipimo vya mteja anaandika daftarini, na akishamkatia kitambaa anapiga mstari juu ya jina. Maana yake: huyu nimeshamkata, nisije nikamkata mara mbili. Miaka yote daftari alilisoma yeye peke yake, na hakuna aliyelia.

Mwezi uliopita kwaya ya wanawake ikaleta kazi, magauni thelathini na moja. Katibu wao, mtu wa mambo ya kisasa, akasema daftari basi. Akafungua jedwali mtandaoni, kila mwanakwaya akajaza vipimo vyake kwenye simu. Hapo tulicheka. Kuna kiuno kimoja kiliandikwa ambacho mwenyewe alikiaga kabla ya mtoto wa kwanza. Wifi akawaita wote, akawapima upya, akasahihisha kisanduku kimoja kimoja.

Halafu akaanza kukata. Akimaliza mtu, anashika simu, anapiga mstari kuanzia kisanduku cha jina mpaka cha urefu wa gauni. Wa kwanza alikuwa Chiriku.

Chiriku ni jina tulilompa sisi. Ameimba kwenye kwaya hiyo miaka kumi na tisa, na ubeti wa kuimba peke yake ni wake. Lakini kikohozi kilimlaza wiki tano, mazoezini hakukanyaga, na maneno yalishaanza kupita kwamba sauti ile imechoka. Siku hiyo anafungua jedwali, anakuta jina lake limepigwa mstari. Lake tu. Akaona ndiyo basi, kwaya imemtoa. Akapiga simu.

"Fundi, nimeona jina langu. Ni kweli?"

"Kweli nini? Nimeshakukata, mama! Tangu asubuhi."

"Mimi wa kwanza?"

"Wa kwanza kabisa. Wala hukunisumbua, wewe ni rahisi kukata."

"Haya. Asante."

Wifi akaweka simu chini. "Leo Chiriku ana adabu. Kweli aliumwa."

Kesho yake akaja, macho yamevimba, mkononi kabrasha la nyimbo. Akalitua juu ya meza ya pasi, yaani juu ya kazi yangu.

"Mpeni katibu. Mimi siwezi kumtazama usoni. Miaka kumi na tisa, fundi, halafu nakatwa kwa simu!"

Wifi akamwangalia kama mtu aliyeingia na kiatu kimoja. "Nani kakukata?"

"Si wewe! Umesema mwenyewe jana!"

Mimi ndiye niliyeelewa kwanza. Nilicheka mpaka pasi nusura iunguze kola. Wifi akavuta furushi la juu kabisa, vipande vya gauni vimeshikizwa kwa pini, na kikaratasi: Chiriku.

"Kukatwa kwako ndiko huku. Vaa upime, unanichelewesha."

Akavaa.

"Sasa imba, nione kifua kama kinatosha."

Akaanza ubeti wake kwa woga, halafu akasahau kuogopa. Pini mbili zikachomoka. Fundi viatu wa mlango wa pili akanyamazisha nyundo.

"Naongeza nusu inchi," wifi akasema, pini mdomoni. "Hao waliosema sauti imechoka hawajui kupima."

Chiriku akalichukua kabrasha lake mwenyewe. Kabla hajatoka mlangoni, alikuwa ameshawaandikia wenzake kwenye simu: "Nimekatwa, na imenikaa." Mpaka mchana simu ya wifi haikupoa: fundi, na mimi utanikata lini?

Katibu naye akapiga, akashauri mistari iondolewe, kila aliyekatiwa apakwe rangi ya kijani. Wifi akamjibu kwamba yeye katibu ni wa thelathini na moja kwenye jedwali, na akishauri tena ataimba na nguo za nyumbani.