Injini ya Baba Imekuwa Masufuria

Admin, nifichie jina tafadhali (hata la binti yangu humu nimelibadilisha), mtaa wetu ni mdogo na watu wana macho. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka arobaini na tisa, Muislamu, mzaliwa wa Buyenzi hapa Bujumbura. Ugonjwa wangu ni mmoja tu: gari.

Marehemu baba alikuwa fundi. Mzungu aliyeondoka nchini wakati wa vita alimwachia gari ya michezo ya Kiitaliano, nyekundu, milango miwili, imeoza chini. Kaka zangu waliikimbia. Mimi ndiye niliyelala chini yake na baba, hadi tukaifufua. Alipofariki ikawa yangu. Jumapili mafuta yakipatikana nilimpakia mume wangu mpaka Kajaga, kando ya ziwa, kula samaki, yeye ameshika kofia, mimi nasikiliza injini. Mume wangu anauza vitenge, mambo ya gari hayajui kabisa. Lakini majirani walipomcheka kwamba mke wake ananuka grisi aliwajibu, "Inabahusu nini? Mi ndiye nalala naye." Huyo mtu nampenda, mjue hilo kabla sijaendelea.

Miaka kadhaa iliyopita injini ikafa. Niliifungua yote nikaiweka uani chini ya turubai, nikawa naitengeneza kidogo kidogo kwa sababu vipuri vyake hapa havipo. Kingine kilitoka Ulaya kwa shemeji, kingine nilichongesha. Mwaka huu ilibaki gasketi moja tu, na ilikuwa njiani.

Mwezi uliopita shangazi yangu alifariki Rumonge, nikaenda matangani, nikakaa huko wiki mbili. Niliporudi nilikuta familia yote uani, vigelegele, gari imeoshwa inang'aa.

"Mama Zaina, ingia, washa!" mume wangu akasema.

Niliwasha. Ikalia kama teksi. Nikafungua boneti, nikaona injini ya Toyota.

"Baba Zaina, moteri yangu iko wapi?"

"Ile mavyuma? Nilipatia bafundi ba masufuria, nikaita fundi wa gari akaweka hii. Ilikuwa inajaza uwanja bure. Sasa apana kulala chini tena, utaendesha tu kama madamu."

Kwa wasiojua, Buyenzi alumini kuukuu hailali nje. Inayeyushwa kwa mkaa, inamwagwa kwenye mchanga, inatoka sufuria. Injini ile ilikuwa alumini karibu yote. Hakufanya uovu, alifanya kinachofanywa na kila mtu mtaani kwetu.

Nilikwenda kwa hao mafundi nikijua nimechelewa. Mzee wao akanipokea vizuri. "Mama, ile alumini ilikuwa safi sana! Tulimupatia muzee wako sufuria mbili za zawadi." Nikamshukuru, nikamuuliza hali ya watoto wake, nikarudi nyumbani nikapika wali. Katika sufuria hizo.

Sikulia. Mpaka leo sijalia, na ndicho kinachonitisha. Nakula, naswali, nacheka panapochekwa, ndani hamna kitu. Kila jioni ananiuliza, "Umefurahi?" Namjibu nimefurahi. Yeye ndiye amefurahi kweli, ameanza hata kuifuta gari vumbi mwenyewe kila asubuhi, mtu ambaye zamani hakujua boneti inafunguliwa wapi.

Sasa binti yetu Zaina anaolewa mwezi ujao, na mume wangu ametangaza kwa wakwe na kwa nusu ya mtaa kwamba bibi harusi atapelekwa na mama yake kwa gari ya babu yake. Zaina anaringa. Mimi hata kukaa kwenye kiti kile siwezi. Nimwambie mume wangu alichokifanya, nimvunje mtu ambaye kosa lake ni kunipenda? Au nishike usukani siku hiyo nitabasamu, halafu niishi na uongo huu mpaka mmoja wetu azikwe?

Nyinyi mlio na ndoa za muda mrefu, nisaidieni mawazo, nifanye nini? Ila msiniambie ni chuma tu. Hilo nimejiambia mwenyewe kila siku, na halijanisaidia.