Funda la Maji kwa Fundi Rajabu

Baraza la Fundi Rajabu lilinuka mafuta ya cherehani, pasi ya mkaa na tope jekundu la Karatu lililoganda kwenye viatu vya wanaume. Kila Jumapili, tukishatoka kanisani, baba alikwenda pale kucheza drafti na wenzake. "Unakwenda kustarehe, nenda na watoto wako," mama alimwambia, na akina mama wengine wakaiga, hadi baraza likajaa sisi. Tulikuwa balaa. Mchezaji anawaza, mtoto anapiga kelele, "Baba, kula hapo!" na mchezo umeharibika. Wazee wawili nusura wagombane kwa ajili hiyo, na wapo waliotaka tufukuzwe. Fundi alikataa. "Mtoto hafukuzwi kwangu," alisema. "Ila mdomo wake tuupe kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa maji. Ukitaka kutazama, unapewa kikombe, unajaza funda moja na kukaa nalo mdomoni bila kumeza. Ukichoka, unameza na kwenda kucheza uani. Ukirudi, unachukua jingine. Wavulana hawakudumu, mmoja alicheka akawamwagia wachezaji, akatoka mbio kabla hajaitwa. Mimi nilidumu. Nilikuwa na miaka tisa, naona haya hata kuitikia salamu, na kwa funda lile hakuna aliyeniuliza mbona husemi. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," Fundi alinitania. Jumapili baada ya Jumapili nilijifunza jinsi kete zinavyokwenda, na hamu ya kucheza ikanikaa rohoni kama njaa. Lakini hakuna mtoto aliyewahi kucheza pale, na kuomba kulihitaji mdomo.

Siku moja ya masika barabara ya Mbulumbulu ilikuwa utelezi mtupu, wachezaji wa huko wakashindwa kufika. Fundi alipanga vizibo vya soda ubaoni akakosa mpinzani. Baba alikuwa amechoka kufungwa. "Leo hakuna mwanaume hapa?" Fundi aliuliza. Nilimeza funda langu. Nadhani baraza zima lilisikia. "Kameza! Nje, Paskalina, nje!" wavulana walishangilia kutoka uani. "Nataka kucheza," nilisema, na sijui aliyeshtuka zaidi ni mimi au baba. "Kaa chini, mwanangu," alininong'oneza kwa aibu. Fundi akanisogezea kigoda. "Anayecheza hatiwi maji. Karibu, binti, leo nakulaza na njaa." Hivyo ndivyo alivyowakejeli wanaume wenzake, nami nikajiona nimekaribishwa kuliko kama angenisifu. Alinila kete tatu, nikamla mbili. Nyuma yangu baba akashindwa kujizuia: "Mama, usiende huko..." Fundi, bila kuinua macho, akamnyooshea kikombe. "Baba Paskalina, funda lako." Baba akakaa mashavu yamevimba mpaka nilipofungwa.

Sasa niko kidato cha tatu, shule ya bweni. Tuna klabu ya mdahalo yenye utaratibu wake: kidato cha kwanza hukaa nyuma, hawasemi, na mwisho wa mwaka husifiwa kwa nidhamu. Hata mimi nilisifiwa. Ila hakuna aliyewahi kutuambia tukitaka kusema tufanyeje, na wengi wetu tungali tunasikiliza tu. Barazani nako nilinyamazishwa, wala sikuona ubaya. Wazee walihitaji utulivu wao. Lakini pale nilijua njia ya kutoka kwenye kile kimya, na aliyekiweka ndiye aliyenipisha. Huku bado naitafuta.