Mapafu Sita Yaliyogandishwa

Mke wangu alifagia maabara ya chuo miaka kumi na minne. Siku moja mtu wa hesabu wa hapo chuoni alimwona anavyoshika kisu akimenya chungwa, akamwambia aweke ufagio. Tangu hapo kazi yake ikawa kukata mapafu ya ng'ombe, vipande vyembamba kama utepe. Mashine ndogo ilivivuta na kuviachia polepole, kompyuta ikaandika namba. Mtu wa hesabu alikuwa akitafuta mlinganyo wa pafu, ili madaktari wajue mgonjwa asukumiwe pumzi kwa nguvu kiasi gani bila kumpasua pafu.

Mapafu niliyapeleka mimi, mchinjaji. Wenzangu walinicheka: "Nyama unauzia watu, mkeo unampelekea upepo!"

Sharti lilikuwa moja, pafu lifike siku ileile, lisigande. Wiki moja goti lilinishinda. Nikachukua sita kwa mpigo, nikayatia kwenye friza ya bucha, nikawa napeleka moja moja likishayeyuka. Nikasema ni la leo.

Mtu wa hesabu alifurahi. Namba zililala juu ya mlinganyo wake kama shuka kitandani.

"Mama, tumemaliza! Jumatatu naipeleka kazi ikachapwe."

Mke wangu akachukua kipande, akakivuta kwa vidole, akakiachia. Akarudia. Kisha akanitazama pale mlangoni na ndoo yangu.

"Baba watoto, hili limelala wapi?"

"Machinjioni."

"Nakuuliza tena."

"Friza," nikasema. "Yote sita."

Mtu wa hesabu akakaa chini. "Lakini mama, namba zimekubali."

"Zimekubali uongo, mwanangu. Barafu imelivunja ndani. Na huyo atakayesukumiwa pumzi kwa namba hizi naye ana mama yake."

"Ungenyamaza tu, mama, nani angejua?"

"Mimi nimeshajua. Nitavipeleka wapi vidole hivi?"

Mtu wa hesabu akaisogeza kompyuta. Akafuta namba za wiki nzima.

Njiani mke wangu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Ungeniambia umechoka, ningekwenda kuyabeba mwenyewe."

Tulianza upya, miezi mitano. Mlinganyo ukagoma, ukabadilishwa, ukagoma tena. Mwisho ulikubali kwa shida, na pale ulipogoma mtu wa hesabu akapaandika pia. Kufikia hapo figo za mke wangu zilikuwa zimechoka. Tulimzika kabla karatasi haijachapwa.

Juzi mtu wa hesabu kaniletea hiyo karatasi. Nyumba kimya, chai nikapika mwenyewe, ikawa maji tu. Akaninywea bila kulalamika.

"Jina la mama limo, mzee. Hili hapa."

Nikaliangalia. "Na friza?"

"Imo. Mama alisema iandikwe, wengine wasirudie. Nimeandika mapafu sita yaligandishwa, tukayatoa."

"Nani kayagandisha?"

Akatazama kikombe. "Hapo mama alinikataza, mzee."

Nikamrudishia karatasi. Nilimwambia angeandika tu jina langu.